Mchagua Nazi Katika Soko la Masomo ya Mtandaoni

Mchagua nazi hupata koroma, walisema wazee wetu. Walimkusudia yule mtu anayeshinda sokoni akigeuza kila nazi, hii ndogo, ile nyeusi, hii haina uzito, mpaka jua linamchwea naye anarudi nyumbani na isiyotoa tui. Ni methali ya haki. Walakini katika jambo ninalotaka kulinena leo, yaani masomo haya ya mtandaoni ambayo vijana wetu wa Pwani wanayakimbilia kama maji ya kisima kipya, naona maradhi yetu ni ya upande wa pili. Sisi hatuchagui kabisa. Tunaokota. Kijana yuko na simu yake usiku, anaona tangazo lenye picha ya mtu aliyevaa joho, analipa. Na mzazi wake yuko nyuma akitoa fedha. Ni sawa na kupapasa gizani chini ya mnazi, usijue kama ulichoshika ni dafu, ni nazi, au ni kidaka kilichotobolewa na panya.

Na hata iliyo nzima si moja. Mwenye kiu haangushiwi mbata, na anayepika wali hakuni dafu. Kwa hivyo kila ninapoulizwa, nami huulizwa sana, barazani na hata mlangoni pa msikiti, "Maalimu, kozi gani ya mtandaoni iliyo nzuri?", jibu langu huwa ni swali: wataka kuipikia nini? Wengi hunyamaza. Wengine husema, "Nataka cheti." Cheti cha kumwonyesha nani? Hapo hunyamaza tena.

Yangekuwa ni maneno ya kupitishia jioni tu lau hapangekuwa na watu wanaoumia. Mama mmoja wa mtaani kwetu, mjane anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi, aliuza bangili zake mbili ili mwanawe asome kozi ya miezi sita ya usimamizi wa meli na bandari, kutoka chuo kimoja cha mtandaoni ambacho sitakitaja. Kijana alisoma kwa bidii, hilo nalishuhudia. Taa yake ilikuwa haizimwi mpaka usiku wa manane. Cheti kilikuja kwenye simu, kina muhuri wa rangi ya dhahabu na sahihi mbili. Akakichapisha, akakitia plastiki, akakipeleka ofisini alikotaka kazi. Karani alikitazama mbele na nyuma, kisha akamuuliza ni mamlaka gani ya nchi hii, au ya nchi yoyote, inayokitambua chuo hicho. Hakuna. Kijana yule si mjinga wala si mvivu, na mengine aliyoyasoma yalikuwa ya kweli. Lakini alihitaji nazi, akauziwa picha ya nazi.

Msinifahamu vibaya nikadhaniwa nayapiga vita masomo haya. Kusoma kwa mbali si uzushi wa leo. Chuo Kikuu cha London kilianza kuwatahini wanafunzi wasiokanyaga madarasa yake tangu 1858. Ujanani mwangu, katika miaka ya 1980, walikuwako makarani na walimu hapa Mombasa waliokuwa wakisoma uhasibu kwa posta kutoka Uingereza. Bahasha ya kaki ilipofika, baada ya wiki kadhaa za kungoja, ndani mlikuwa na kazi ya mwanafunzi imerudi ina wino mwekundu: hapa umekosea, hapa rudia, hapa umepata. Wino ule ndio uliokuwa mambo yenyewe. Vitabu vingaliweza kununuliwa dukani. Kilicholipiwa ni mtu aliyekaa mahali, asiyekujua wala kukuonea haya, akasoma ulichoandika na kukwambia ukweli.

Nasi tuliosoma chuoni, mkekani, ubao u magotini, hilo twalijua kabla ya kuzijua herufi za Kizungu. Juzuu haihitimiwi kwa kuisikiliza. Maalimu ndiye anayekusikiliza wewe. Ukiitamka dhadi kama zai hukusimamisha, hukurudisha mwanzo wa aya, na bakora haiko mbali. Hali kadhalika sisi washairi: ubeti ukipungua mizani moja, mwenye ubeti ndiye wa mwisho kuusikia. Basi rai yangu ni kwamba kozi ya mtandaoni hupimwa kwa mambo mawili kabla ya mengine yote: nani atakayekusahihisha, na nani atakayekipokea unachotoka nacho. Sura nzuri ya tovuti, jina la nchi ya mbali, wingi wa saa za video, hayo ni makuti. Hupendeza yakipepea, lakini hayapikwi.

Tazama yaliyowafika wakubwa wenyewe. Mwishoni mwa 2011 Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani kilifungua bure mtandaoni somo lake la akili bandia, wakajiandikisha watu wapatao 160,000 kutoka pembe zote za dunia. Mwaka uliofuata, 2012, ikazaliwa Coursera mikononi mwa maprofesa wawili wa Stanford, Andrew Ng na Daphne Koller, na ikazaliwa edX kutoka Harvard na MIT. Wakatokea wa kutangaza kwamba vyuo vya matofali vimekwisha. Je, vimekwisha? Watafiti wawili, Justin Reich na José Ruipérez-Valiente, walizipekua kozi za Harvard na MIT zilizokuwa kwenye edX tangu 2012 hadi 2018, wakachapisha waliyoyaona katika jarida la Science mwanzoni mwa 2019. Zaidi ya nusu ya waliojiandikisha, asilimia 52, hawakuufungua hata mlango wa somo. Katika mwaka wa masomo wa 2017-18, waliomaliza walikuwa kama 3 tu katika kila 100. Miongoni mwa wale waliolipia cheti kilichothibitishwa, walimaliza asilimia 46.

Wako wepesi wa kusema kwamba watu ni wavivu. Mimi sioni hivyo. Mtoto akikosa chuoni siku mbili, maalimu alikuwa akituma wenziwe waje wambebe mzobemzobe. Video haimtumi mtu; itakungoja kimya hata miaka mitatu. Na yule aliyelipa hakumaliza kwa kuwa fedha humtia mtu akili. Aghalabu alilipa kwa sababu alikwisha kujua analitakia nini somo lile.

Nianze basi na mwenye haja ya cheti, maana huyo ndiye anayeliwa zaidi. Huyu asianze na tovuti za kozi hata kidogo. Aanze mwisho wa safari, kisha arudi nyuma: amwendee atakayempa kazi au leseni, amuulize ni cheti gani anachokikubali, na kutoka kwa nani. Shahada za vyuo vikuu hapa Kenya zinasimamiwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Vyuo vya ufundi vina mamlaka yao, TVETA, iliyoundwa kwa sheria ya 2013, na iko KNQA, iliyo chini ya sheria ya 2014, inayoshughulika na daraja za vyeti vya taifa zima. Mwenye kutaka uhasibu ajue kwamba mitihani ni ya KASNEB, bodi iliyoanza 1969. Somo la mtandaoni laweza kumtayarisha vizuri sana, lakini atakayempasisha ni KASNEB, si tovuti. Na anayetaka shahada kamili bila kuacha kazi au nyumba yake, kipo Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati yake Agosti 2023 na kinachofundisha kwa mtandao. Jirani zetu walikwisha kuunda chao, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, tangu 1992.

Zipo kazi nyingine ambazo mtandao peke yake haufikishi, hata tangazo liape kwa viapo saba. Watoto wetu wa Mombasa na Lamu wanaipenda bahari, na hapo ndipo matapeli walipopiga hema. Baharia wa meli za kimataifa hutakiwa na mkataba uitwao STCW, wa mwaka 1978, awe na mafunzo ya usalama: kuzima moto, kuokoa maisha majini, huduma ya kwanza. Maelezo yake yaweza kusomwa kwenye simu, wala si vibaya. Lakini moto wa kujifunzia kuuzima sharti uwe moto, na maji ya kujirusha ndani yake na jaketi la kuokolea sharti yawe maji. Fauka ya hayo, mafunzo yenyewe lazima yawe yameidhinishwa na mamlaka ya nchi inayohusika na mabaharia, ambayo kwetu ni Kenya Maritime Authority. Bandari Maritime Academy iko hapa hapa Mombasa. Nauli ya tuktuk ya kwenda kuuliza ni nafuu kuliko bangili mbili. Uuguzi ni vivyo hivyo. Hakuna wodi ndani ya simu.

Na anayedhani utapeli hujulikana kwa umaskini wa sura yake, na asikie habari ya Axact. Mnamo Mei 2015 gazeti la The New York Times lilieleza jinsi kampuni hiyo ya Karachi, Pakistan, ilivyokuwa na tovuti zisizopungua 370, nyingi zikiwa za vyuo vikuu na shule ambazo hazikuwako popote ila kwenye kioo cha kompyuta. Waliojionyesha kuwa maprofesa katika video walikuwa waigizaji wa kulipwa. Miongoni mwa wateja walikuwamo wakazi wa nchi za Ghuba, huko huko wanakokwenda ndugu zetu kutafuta riziki. Mwaka 2017 mmoja wa wakubwa wa kampuni hiyo alihukumiwa kifungo huko New York baada ya kukiri kosa. Tovuti za namna ile zilikuwa nzuri, tena nzuri kuliko za vyuo vingi vya kweli, ambavyo tovuti zao, tuseme ukweli, huwa kama ghala lisilofagiwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Chuo kinachokupigia simu mara tatu kwa siku na kukwambia nafasi zimebaki mbili tu, jiulize nafasi za mtandaoni zinajazwa na nini.

Mwenye haja ya ujuzi, wala si ya cheti, huyu ana bahati njema zaidi kuliko anavyofikiri. Dada mmoja mwenye duka la leso alinijia akitaka kujua kama alipe kwa ajili ya stashahada ya usimamizi wa biashara, ya mwaka mzima. Nikamuuliza shida yake ni nini. Akasema kila mwisho wa mwezi hajui kama amepata au amepoteza, kwa sababu deni la wateja liko kwenye daftari moja, la mwenye mali liko kwenye jingine, na baadhi liko kichwani. Shida ya namna hiyo haitaki stashahada. Yataka saa chache za kujifunza kupanga hesabu katika majedwali ya kompyuta, na majuma mawili ya kufanya hivyo kila jioni kwa mauzo yake mwenyewe. Alipata masomo hayo bure. Mwaka mzima wa nadharia za usimamizi ungempa maneno mengi ya Kizungu na deni jipya.

Hapo kipimo ni kimoja: mwisho wa kozi nitaweza kufanya nini ambacho leo siwezi? Kozi isiyoweza kulijibu hilo kwa sentensi mbili, iacheni. Kuandika programu za kompyuta hufundishwa bure na freeCodeCamp tangu 2014. Hesabu za shule ziko Khan Academy, bure vilevile. Alison, ya kule Ireland, ilianza 2007 na huacha watu wasome bure, kisha huuza cheti. Na kozi nyingi za edX husomwa bila malipo kwa muda uliowekwa, mradi hutaki karatasi. Kwa hivyo tenganisha bei ya elimu na bei ya karatasi. Mara nyingi tunalipa ya pili tukidhani tumelipa ya kwanza.

Tena urudi kwa swali la msahihishaji. Mashine husahihisha vizuri hesabu na programu, kwa sababu programu ama inakwenda ama haiendi. Kwa uandishi, lugha, uchoraji na mazungumzo, mambo si hayo. Baadhi ya kozi huwaacha wanafunzi wasahihishane wenyewe, jambo linalonikumbusha siku maalimu alipokwenda sokoni akatuachia tusikilizane: sote tulipita. Na siku hizi wako wanaoipa akili bandia kazi yao iwasahihishe. Husaidia, sikatai, ila nayo huweza kukosea kwa sauti ya yakini kabisa, na mwanafunzi ndiye asiye na njia ya kujua. Kabla ya kulipa, andikia chuo barua pepe uulize: nikileta kazi, nani ataisoma, na atanijibu baada ya siku ngapi? Ukingoja juma zima bila jibu wakati bado hujawapa fedha, fikiri mwenyewe watakavyokuwa baada ya kuzipokea.

Fedha zenyewe zihesabiwe vizuri, maana kampuni nyingi za ng'ambo hutoza kwa mwezi na kwa dola. Chukua kozi ya dola 49 kwa mwezi. Kwa kima cha kama shilingi 129 kwa dola, kilichokuwako 2025, miezi mitatu ni karibu Sh19,000. Lakini mambo ya nyumbani hayaishi: mtoto ameugua, umeme umekatika, Ramadhani imeingia. Miezi mitatu huwa sita, na ada hupita Sh37,000, nayo hukatwa kwenye kadi yenyewe bila kukugongea mlango. Ongeza data. Saa moja ya video ya kiwango cha kawaida yaweza kula nusu ya gigabaiti au zaidi; kozi ya saa 40 hula gigabaiti 20. Coursera na baadhi ya wengine wana programu ya simu inayokuruhusu kupakua masomo penye mtandao wa bure ukayatazama nyumbani, na wapo wanaotoa msaada wa ada kwa asiyejiweza akiandika kuomba. Vijana wetu huona haya kuomba. Haya hiyo haina faida.

Na saa pia. Darasa la moja kwa moja linaloanza saa mbili usiku mjini New York wakati wa baridi yao, kwetu ni saa kumi alfajiri. Katika Ramadhani labda utakuwa macho kwa daku. Miezi mingine kumi na mmoja je?

Nisipoitaja elimu ya dini mtaniuliza. Hapo zamani mtu alipanda jahazi kwenda Lamu, kukaa Riyadha miguuni pa masheikh. Leo sheikh yuko kwenye simu ya kila mtu. Kwa mawaidha, kwa historia, kwa kurudia ulichokwisha kusoma, alhamdulillahi. Lakini tajwidi haisomwi kwa video iliyorekodiwa, kwa sababu ile niliyoitaja: video haikusikii. Tafuta mwalimu wa moja kwa moja anayekusikiliza herufi kwa herufi, na muulize bila kuona haya amesoma kwa nani, na ana ijaza ya nani. Wanavyuoni wetu hawakuwahi kuliona swali hilo kuwa utovu wa adabu. Wamama wengi, ambao zamani walikosa mwalimu wa kike karibu nao, sasa wanasoma wakiwa nyumbani kwao na ustadhati aliye mji mwingine. Hiyo ni neema kubwa, na nimeona wajukuu wakirekebishwa makharij na bibi zao.

Lililobaki si la mwanafunzi peke yake. Tunamwachia kijana wa miaka 19 achague, alipe, asome na amalize akiwa peke yake chumbani na simu yenye kioo kilichopasuka, kisha tunashangaa kuwa ni 3 katika 100. Madrasa zetu nyingi, kutoka Old Town hadi Likoni, Malindi na Lamu, zina vyumba, zina umeme, zina viti, na baada ya isha huwa tupu. Kamati za misikiti ambazo kila mwaka huchangisha kwa ajili ya zulia jipya zingeweza kulipia mtandao mmoja, zikaweka meza mbili, saa za wavulana na saa za wasichana, na mtu mzima mmoja, mhasibu aliyestaafu au mwalimu, wa kumuuliza kila mmoja kila Alhamisi amefika somo la ngapi. Msajili huyo huyo angekuwa na orodha ya mamlaka nilizozitaja, na simu ya kuzipigia, kabla mzazi hajatoa shilingi. Nimewaeleza jambo hili wanakamati wa misikiti miwili. Wa kwanza waliniambia watalitia katika ajenda baada ya Maulidi. Wa pili waliniuliza funguo zitakaa kwa nani, nami nikawajibu ziwekwe kwangu.